Kompyuta, Muhogo na Utamaduni wa Taifa

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni wasomi wenye vyeo, wanaoamini kwamba utamaduni wa Taifa ni ngoma, vinyago, mavazi na methali, na kwamba kompyuta na programu zake ni mambo ya mafundi yasiyohusiana na utamaduni hata kidogo. Kwa watu hawa, kazi ya wanautamaduni ni kuhifadhi yaliyopita, na kazi ya mafundi ni kuagiza yajayo kutoka ng'ambo. Makala hii inakusudia kuipinga imani hiyo, na kuipinga pasipo kuuma maneno. Nadai kwamba programu zinazowawezesha wanasayansi wa nchi mbalimbali kufanya kazi pamoja wakiwa mbalimbali ni sehemu ya utamaduni kama ilivyo lugha. Kwamba taifa linalozitumia bila kushiriki kuziunda hubaki kuwa mpelekaji wa malighafi. Na kwamba mahali pa kuanza kulisahihisha kosa hili ni darasani.

Nitatoa hoja zangu nikiwa nimesimama Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana. Kibaha iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, mwendo wa kiasi cha kilometa 40 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, na hapo ndipo kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, chenye dhamana ya utafiti wa miwa na kinachoshughulikia pia muhogo. Kisarawe, katika vilima vilivyo magharibi ya jiji, ni nchi ya wakulima wa muhogo na korosho, na ndiko iliko shule kongwe ya Minaki. Kwa hiyo katika eneo moja tunao mtafiti, mkulima, mwalimu na mwanafunzi. Hawa wanne ndio wahusika wa hoja yangu.

Malighafi ya zama hizi

Kila mkulima wa Kisarawe anakijua kisa cha korosho. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho yetu imesafirishwa ikiwa ghafi kwenda India, ikabanguliwa huko, na faida ya kubangua ikabaki huko huko. Wanafunzi wetu hufundishwa kisa hiki katika somo la uraia na katika somo la jiografia, nao hukasirika kwa haki. Lakini ni wangapi kati yao wamekwisha ambiwa kwamba zipo bidhaa nyingine zinazoondoka zikiwa ghafi, tena bila kupita bandarini? Bidhaa hizo ni taarifa: vipimo vya udongo, picha za majani, hesabu za wagonjwa, alama ambazo mtafiti huzitia kwenye daftari lake akipita mstari kwa mstari katika shamba la majaribio.

Muhogo unatupa mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa historia ya magonjwa yake imeanzia katika nchi hii. Ugonjwa wa batobato ulielezwa katika maandishi ya kisayansi kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani. Na baada ya nchi kutawaliwa na Waingereza, ni hapo hapo Amani ambapo H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936. Watafiti wa Amani waliuchanganya muhogo wetu na jamaa zake wa porini ili kupata mimea yenye ukinzani. Mazao ya kazi hiyo yalipelekwa Nigeria, na huko yakawa msingi wa uzalishaji wa mihogo bora kwa sehemu kubwa ya Afrika. Maarifa yaliyotokana na ardhi ya Tanga yaliandikwa kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza, yakasomwa Berlin na London. Mkulima wa Muheza, aliyekuwa jirani wa taasisi ile, hakuwa na njia ya kuyasoma.

Sitaki nieleweke vibaya. Simlaumu Storey kwa kufanya kazi yake vizuri. Ninachokionyesha ni kwamba maarifa yana njia, na njia hiyo hutengenezwa na watu. Wakati ule njia ilikuwa meli, barua na jarida la kisayansi. Leo njia ni programu ya kompyuta. Anayeichora programu ndiye anayeamua ni jambo gani litaulizwa, litaitwa kwa jina gani, litahifadhiwa wapi, na nani ataliona.

Tutazame mfano mmoja wa faida ya njia mpya. Katika kusini ya Tanzania umo muhogo uitwao Namikonga, na katika pwani ya Kenya umo muhogo uitwao Kaleso. Yote miwili ilisifiwa kwa kuukinza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Uchunguzi wa vinasaba ukaja kuonyesha kwamba ni muhogo mmoja wenye majina mawili. Fikiri, ndugu msomaji, ni kazi kiasi gani ingaliokolewa kama watafiti wa pande mbili za mpaka wangalikuwa na daftari moja tangu mwanzo!

Daftari la namna hiyo sasa lipo. Linaitwa Cassavabase, nalo liliundwa katika taasisi ya Boyce Thompson mjini Ithaca, Marekani, kwa ajili ya mradi ulioanza mwaka 2012 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambao uliwaunganisha watafiti wa Nigeria, Uganda na baadaye Tanzania. Mtafiti akiwa shambani huutazama kila mmea na kuupa alama: 1 kama hauna dalili yoyote, na kuendelea hadi 5 kama umeharibika vibaya. Baada ya miezi kadhaa hurudia, na siku ya mavuno hukata mizizi na kuitazama ndani. Alama hizo huingizwa katika kanzidata, na mwenzake aliye Ithaca au Ibadan huweza kuzifanyia hesabu pasipo kungoja barua.

Hili ni jambo jema, na tena msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi ya mafundi yanayoiamuru kompyuta, uko wazi kwa yeyote atakaye kuusoma. Hakuna aliyetufungia mlango. Basi lawama yangu haiwaendei watu wa Ithaca, inatuelekea sisi. Mlango uko wazi, nasi tumesimama uani tukisubiri kuletewa chakula.

Nani aliifundisha simu?

Wanafunzi wengi wamesikia habari za simu inayoweza kuutambua ugonjwa wa mmea. Programu hiyo huitwa Nuru. Iliundwa na Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA. Mkulima huielekeza simu kwenye jani, na simu humwambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au madhara ya utitiri. Hufanya hivyo hata mahali pasipo na intaneti, na huweza kusema Kiswahili. Jina lake lenyewe ni la Kiswahili. Watu wengi wakifika hapo huridhika: wanaona utamaduni wetu umekwisha heshimiwa.

Lakini tuulize: simu hii ilifundishwa na nani, na wapi? Jibu liko katika makala iliyotolewa na watafiti wenyewe mwaka 2017. Simu ilifundishwa katika nchi yetu, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo, mkoa huu huu wa Pwani. Kwa muda wa majuma manne zilipigwa picha 11,670 za majani ya muhogo. Kutoka humo zilichaguliwa 2,756, zikapangwa kwa mafungu ya magonjwa na wadudu na wataalamu walioyajua kwa macho, ndipo kompyuta ikajifunza kutoka kwao. Kwa maneno mengine, mwalimu wa kwanza wa Nuru alikuwa jicho la mwanadamu aliyesimama juani Bagamoyo.

Mwaka 2020 ilitolewa makala nyingine, ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa mtafiti wa Kitanzania, Latifa Mrisho. Humo walipimwa wakulima, mabwana shamba na simu yenyewe. Wakulima walipata kati ya asilimia 18 na 31, mabwana shamba kati ya asilimia 40 na 58, na simu asilimia 65. Simu ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, shambani ilifikia kati ya asilimia 74 na 88. Hizi ni tarakimu za kweli, nami siwezi kuzikanusha. Ila nawaonya wanafunzi wasizisome kwa haraka na kukata shauri kwamba mkulima wetu ni mjinga na simu ni mwerevu.

Kwanza, simu haina elimu yake yenyewe. Imeazima ya watu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mtihani ule ulihusu majani, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia haukai kwenye majani peke yake. Dalili zake za majani huonekana zaidi katika majani yaliyokomaa ya chini, na zipo aina za muhogo ambazo majani yake huonyesha dalili kidogo tu huku mizizi ikioza ardhini kwa madoa makavu ya kahawia. Mama wa Kisarawe haogopi jani. Anaogopa mzizi, kwa sababu mzizi ndio ugali wa watoto wake. Yeye huujua ugonjwa siku anapong'oa, anapomenya, anapotia kisu na kukuta uozo. Huo nao ni ujuzi, lakini hakuna picha ya jani iliyomwuliza habari zake.

Je, waundaji wa programu walifanya hila? La, hasha. Jani hupigika picha kwa urahisi pasipo kuuharibu mmea. Mzizi hauonekani ila kwa kung'oa. Uamuzi wao ulikuwa wa busara kwa fundi. Lakini kama katika meza ile ya mafundi angalikuwapo kijana aliyezaliwa Maneromango, aliyekula makopa ya muhogo mbovu mwaka wa njaa, bila shaka angaliuliza: na mzizi je? Swali hilo moja lingaliweza kuzaa programu ya pili, ya kuandika anayoyaona mkulima siku ya kuvuna. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba programu ni utamaduni. Fundi huweka ndani yake anachokijua na anachokijali. Asichokijua hakimo.

Hoja za wapinzani

Najua nitakayojibiwa. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba sayansi haina lugha wala kabila. Kwamba alama 3 ni alama 3, iwe Kibaha au Ithaca. Ni kweli kwamba tarakimu ni moja. Lakini anayeitia alama hiyo ni mtu, na kabla ya kuitia lazima aelewe swali. Tumfikirie kijana msaidizi wa utafiti, aliyemaliza kidato cha nne, anayeshika simu yenye maswali ya Kiingereza katika shamba la mkulima wa Masaki, Kisarawe. Mkulima anasema Kiswahili. Swali liko kwa Kiingereza. Kijana analifasiri kichwani kadiri awezavyo, anapata jibu kwa Kiswahili, analifasiri tena na kuliandika. Kesho yake mwenzake anafasiri kwa namna nyingine katika kijiji cha pili. Mwisho wa mwezi tarakimu za vijiji viwili zinawekwa katika jedwali moja kana kwamba watu wameulizwa swali moja. Anayedai kwamba lugha haiingii katika sayansi na atueleze kosa hilo linaingilia mlango gani.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Hii ni kasumba ya zamani, na inashangaza kwamba bado ina wateja. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo wataalamu wametupa maneno kama kani, mchapuko na usanidinuru, ambayo leo hayamshangazi mwalimu yeyote wa sayansi. Katika uwanja wa kompyuta wenyewe, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili. Neno barua pepe lilionekana kichekesho lilipozuka. Leo nani halisemi? Lugha haipati maneno kwa kukaa kabatini ikingoja ikamilike. Huyapata kazini, kama jembe linavyopata makali kwa kunolewa.

Tena katika habari ya muhogo maneno tunayo tayari. Tuna batobato, tuna michirizi ya kahawia, tuna inzi weupe waenezao magonjwa yote mawili, tuna kisamvu, makopa na bada. Tuna majina ya aina za mihogo, kama ule uitwao Kiroba, ambao wakulima wa Pwani waliupenda kwa sababu hustahimili ugonjwa. Kinachokosekana ni kuyaweka maneno hayo ndani ya kanzidata kama maneno yenye haki sawa, siyo kama tafsiri ya pembeni inayobandikwa baada ya kazi kwisha.

Hoja ya tatu ni ya umaskini: kwamba sisi hatuna fedha za kuunda programu, basi tutumie za wenzetu tushukuru. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunazungumza juu ya kujenga kiwanda cha chuma. Programu huandikwa na watu wenye akili iliyofunzwa, wenye kompyuta ya kawaida na umeme wa kuaminika. Tangu waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwaka 2009, na mkongo wa Taifa kuenea mikoani, hata kisingizio cha umbali kimepungua nguvu. Umaskini unaotuzuia sasa kwa sehemu kubwa ni umaskini wa nia.

Fundisho la mwaka 1974

Iko pia hatari ya upande wa pili, nayo ni lazima itajwe kwa uaminifu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matumizi yake katika hesabu za Hazina kuleta matatizo na gharama kubwa, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu za marufuku ile zilikuwa na msingi: nchi changa ilikuwa ikilipa fedha za kigeni kwa mitambo ambayo haikuwa na watu wa kuielewa. Lakini dawa ilikuwa kali kuliko maradhi. Kwa kuizuia mitambo tulizuia pia kuzaliwa kwa watu wa kuielewa, na masharti yalipokuja kulegezwa tulijikuta nyuma.

Kwa hiyo wale wanaotaka tuwafukuze watafiti wa kigeni au tufunge data zetu sandukuni hawana msaada kwetu. Virusi vya muhogo havitambui mpaka wa Namanga wala wa Mutukula. Inzi mweupe haombi viza. Maradhi ya jirani ni maradhi yetu, na elimu ya jirani ni lazima iwe elimu yetu. Ushirikiano ni wa lazima. Swali ni moja tu: tunaingia katika ushirikiano huo tukiwa wachukuzi wa mizigo au tukiwa washirika katika ujenzi?

Mfano unaotutia moyo

Kwamba ushirika wa kweli unawezekana, tunao ushahidi katika sekta ya afya. Kila zahanati nchini, ikiwamo ile ya kijijini kabisa huko Kisarawe, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Zamani tarakimu za vitabu hivyo zilijumlishwa kwa mkono, zikapelekwa wilayani kwa karatasi, na mara nyingi zikafika zimechelewa au zimepungua. Leo huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2.

Mfumo huu una nasaba yenye mafunzo. Ulichipuka katika Afrika Kusini kuanzia mwaka 1994, wakati nchi ile ilipokuwa ikijenga upya huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kiliulea, lakini tangu mwanzo uliwekwa kuwa programu huria: msimbo wake ni mali ya wote. Toleo lake la pili lilianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijiunga na kazi hiyo mapema, vijana wetu wakasomea Oslo na kurudi, na hawakuishia kuwa watumiaji. Walitunga programu tanzu zao, mojawapo ikiwa ile ya kupanga viashiria vya afya kwa rangi ili ofisa wa wilaya aone kwa mtazamo mmoja wapi pana hatari. Programu hiyo, iliyoundwa na mikono ya Watanzania, iko wazi kwa nchi yoyote itumiayo mfumo huo, na nchi hizo ni nyingi.

Kadhalika, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wataalamu wa kituo cha SACIDS waliunda AfyaData kuanzia mwaka 2014, programu ya simu inayomwezesha mwanakijiji aliyefunzwa kutoa habari ya ugonjwa wa watu au mifugo mara aonapo dalili zake. Wao pia walianzia kwenye programu huria ya wenzao, lakini walijenga juu yake kwa mahitaji ya hapa, kwa lugha ya hapa. Wale wanaosema kwamba hatuwezi na waende Morogoro.

Funguo za Kibaha

Tuirudie sasa Kibaha, maana historia yake inatuwekea wazi tofauti ninayoitetea. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo kimoja chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya kilimo. Walikuja wajenzi, walimu na waganga wa Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Watanzania, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Kukabidhiwa kule kulikuwa kwa kweli: majengo yalibaki, funguo zilitolewa, na tangu siku hiyo ukuta ukipasuka ni sisi tuuzibao, darasa likiwa dogo ni sisi tulipanuao.

Programu tunayopewa bila kuujua msimbo wake ni nyumba ambayo mjenzi ameondoka na funguo. Tunaishi ndani, tunafagia, tunapaka chokaa. Lakini dirisha likigoma kufunguka hatuna budi kuandika barua kwa mjenzi. Na programu ambayo msimbo wake uko wazi lakini hatuna mtu wa kuusoma ni nyumba ambayo funguo zimetundikwa mlangoni, nasi hatujui kuzungusha kitasa. Katika hali zote mbili sisi ni wapangaji. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kwamba ndugu ni mbaya.

Yatupasayo

Kwanza, walimu. Somo la kompyuta katika shule nyingi hufundishwa kana kwamba lengo lake ni kumtoa karani: mwanafunzi hujifunza kupiga chapa barua na kupanga jedwali. Hayo hayatoshi. Mwanafunzi wa Minaki au wa Kibaha anaweza kufundishwa kuunda fomu ndogo ya kukusanya data ya mihogo ya bustani ya shule, kuitumia na wenzake wa wilaya ya pili, na kulinganisha matokeo. Fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Shule mbili, bustani mbili, daftari moja: huo ni mwanzo wa sayansi ya ushirikiano, na hauhitaji msaada wa mfadhili.

Pili, wanafunzi. Msingojee kualikwa. Msimbo wa programu huria unasomeka na yeyote mwenye subira. Anayetafsiri sentensi kumi za programu kwa Kiswahili fasaha amelitumikia Taifa, na anayegundua kosa na kulisahihisha amelitumikia zaidi. Mjifunze Kiingereza kwa bidii, kwa kuwa ndicho chombo cha kuzungumza na wenzenu wa mbali. Lakini msikubali kiwe ukuta kati yenu na wazazi wenu.

Tatu, wenye dhamana ya lugha. BAKITA na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakae meza moja na mafundi wa programu na watafiti wa TARI, programu ikiwa bado inachorwa. Istilahi inayotolewa baada ya programu kwisha hufika kama mgeni aliyechelewa karamu: sahani zimekwisha oshwa.

Nne, wenye dhamana ya mikataba. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Napendekeza kwamba kila mradi unaokusanya data kwa programu ya kompyuta utakiwe kueleza mambo matatu: msimbo uko wapi, Mtanzania gani amefunzwa kuurekebisha, na matokeo yatarudije kijijini kwa lugha inayoeleweka huko. Mradi mwema hautaogopa maswali hayo. Mradi unaoyaogopa utakuwa umejieleza wenyewe.

Utamaduni wa Taifa huishi pale wananchi wanapotengeneza vitu vyao wenyewe na kuviita kwa majina yao. Mababu zetu hawakungoja mtu awaundie mtego wa samaki wala kinu cha kutwangia. Na walipoazima jahazi kutoka kwa wageni wa bahari, walijifunza kulijenga, wakalipa majina ya Kiswahili tangu mkuku hadi foromali, na hakuna leo anayeliita la kigeni. Programu za sayansi ni majahazi ya wakati huu. Zinabeba mzigo wa thamani, na mzigo huo umetoka katika mashamba na zahanati zetu. Vijana wa Kibaha na Kisarawe wana haki ya kusafiri ndani yake, na wana wajibu wa kujua ubao gani umepigiliwa wapi, ili siku litakapovuja katikati ya bahari wasikae wakiutazama ufuko wa mbali na kumngoja fundi.